Risasi Isiyopiga Kelele: Somo Nililolipata Lipingo

Kwa Kiswahili, kinachotoka kwenye bunduki na kinachofungwa kwenye wavu vina jina moja: risasi. Sikuwahi kulifikiria jina hilo mpaka likizo iliyopita nilipokwenda kwa mjomba Lipingo, wilayani Nyasa.

Mjomba ni mvuvi wa usipa. Wavu wake ulikuwa umepungukiwa chubwi, zile risasi ndogo za kamba ya chini zinazouvuta wavu chini wakati maboya yanaushika juu.

"Mpwa, si unasoma sayansi wewe? Tutengenezee."

Kichwa kikavimba. Nyuma ya nyumba kulikuwa na betri mbovu ya gari. Nikaivunja, nikatoa mabamba yake, nikayatia kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa. Risasi huyeyuka kwa nyuzi joto 327 tu, na mkaa unafika huko bila shida. Kalibu yangu ilikuwa mchanga wa ufukweni, nao ulikuwa bado na unyevu. Nilipomimina tu, pwaa! Ikanirukia mkononi. Jamani, maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara elfu moja, kwa hiyo yakinaswa chini ya metali ya moto lazima yatafute njia.

Lakini kovu la mkono si kitu. Jioni nilimkuta binti wa mjomba, mwenye miaka mitatu, amekaa pale pale jikoni, vidole vina vumbi la kijivu, kimoja kiko mdomoni.

Hakuumwa siku ile, na hilo ndilo lililonitisha niliporudi chuoni nikasoma. Risasi hii haipigi kelele. Mwili huidhania kuwa kalsiamu, ukaihifadhi kwenye mifupa, na kwa mtoto huharibu ubongo unaokua. Mtoto hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Tena hatari si moshi tu: ule unga wa ndani ya betri na takataka zinazoelea juu ya sufuria ni sumu ile ile.

Wenzetu wa Mombasa wanalijua hili. Katika mtaa wa Owino Uhuru kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu karibu na makazi, watu wakadhurika. Phyllis Omido aliyewapigania alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Sasa tufanyeje, maana wavu bila uzito hauvui? Kwanza, betri usiivunje. Iuze nzima kwa wanaonunua mbovu. Pili, ukiwa na chubwi za zamani usiziyeyushe. Risasi ni laini, hata ukucha huikwaruza, kwa hiyo unaweza kuifinya kwenye kamba kwa nyundo ikiwa baridi. Fanyia nje, mbali na watoto, kisha nawa kwa sabuni kabla ya kula.

Tatu, piga hesabu. Nilidhani jiwe halifai kwa sababu risasi ni nzito mara nne zaidi. Lakini kinachohesabiwa ni uzito ndani ya maji. Kilo moja ya risasi ikizama hubaki na uzito wa gramu 910 hivi. Jiwe la kawaida hupoteza karibu asilimia 38. Kwa hiyo kilo moja na nusu ya mawe inafanya kazi ya kilo moja ya risasi. Kinachoongezeka ni ukubwa wa mzigo, basi.

Nilimpigia mjomba nikamweleza yote, pamoja na kwamba kosa ni langu. Nikamwomba aukwangue udongo wa pale jikoni, aulowanishe kwanza usitimke, na ampeleke mtoto kituo cha afya aeleze alichoshika. Akanyamaza kidogo.

"Babu yako alifunga mawe," akasema. "Sisi tukamwona mshamba."

Wanachuo wenzangu, likizo inakaribia. Ukikuta sufuria ya namna hiyo jikoni kwenu, kabla hujaonyesha usomi wako, tazama kwanza mtoto yuko wapi.