SOMO LA KIKUNDI: KUHAMISHA KINU CHA POSHO BILA KUUMIA



Vikundi vingi vya kujisaidia, hasa vya akina mama, vina kinu cha posho. Inafika siku kinu kinatakiwa kuhama. Labda mwenye ploti anataka nafasi yake, au soko limesogea kando ya barabara mpya, au stima imefika na injini ya dizeli imeuzwa kwa wenzetu wa kijiji cha pili. Siku hiyo vijana wanakuja na mitaimbo, kila mtu anatoa amri, na kazi inaanza kwa kelele. Hapo ndipo vidole hukatika na miguu hupondwa. Hakuna faida ya kusaga inayoweza kulipa mguu wa mtu.

Katika somo hili tunataka mshike jambo moja: mashine iliyozimwa bado ina nguvu. Iko nguvu ya dizeli au stima, nguvu ya kuzunguka, nguvu ya joto na nguvu ya uzito. Kila nguvu iondolewe au izuiwe kabla ya mtu kutia mkono.

1. Kabla ya siku ya kazi

Chagueni mtu mmoja wa kutoa amri, na awe fundi anayejua mashine hiyo. Wengine wote wamsikilize yeye. Watoto wakae mbali. Anayefanya kazi avae viatu vigumu. Leso, shali na mikono mirefu ya shati isining'inie.

Chukueni ubao, mpime matundu ya bolti zinazoshika mashine kwenye msingi, kisha mtoboe ubao uwe sawasawa nayo. Kwa ubao huo mtajenga msingi mpya mapema, bolti zikiwa mahali pake. Mwagilieni zege maji kwa siku 7 za kwanza. Kwa kawaida zege huhesabiwa kuwa limekomaa baada ya siku 28. Mkijenga msingi mashine ikiwa imeshafika, kinu kitalala bure na akina mama watarudi kubeba mahindi mbali.

2. Kukata nguvu

Kama kinu ni cha stima, zimeni swichi kuu, mtie kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayefungua mashine. Asipewe mtu mwingine "amshikie kidogo". Vinu vingi vya stima hutumia volti 415, nazo haziachi nafasi ya kujaribu. Fundi wa umeme mwenye leseni ndiye apime na kufungua nyaya.

Kama ni dizeli, kuondoa betri hakutoshi. Injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche. Hewa ikibanwa ndani hupata joto kali, na dizeli ikinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Kwa hiyo mtu akizungusha gurudumu zito kwa mkono na dizeli imebaki, injini inaweza kushtuka na kumvuta. Fungeni koki, ondoeni bomba la dizeli, kisha muondoe hendeli ya kuwashia kabisa.

Sasa ngojeni injini ipoe. Maji ya kupoza injini yanaweza kuunguza hata baada ya kelele kuisha. Oili mwageni kwenye jerikeni, si shambani wala mtoni.

3. Mkanda na nyundo

Msiutoe mkanda wakati magurudumu bado yanazunguka, hata kama yanazunguka polepole. Chuma kizito kikishapata mwendo hakisimami kwa kushikwa mkono. Ngojeni kisimame, legezeni mkanda, kisha muutoe.

Kabla ya kufungua kifuniko cha kinu, zuieni puli kwa kipande cha mbao ili nyundo za ndani zisigeuke na kukata vidole. Kama mnatoa nyundo, kila moja ipewe namba ya mstari wake. Nyundo za pande mbili zinazoelekeana hulinganishwa uzito. Mkizichanganya, kinu kitatikisika mpaka beringi ziharibike. Magurudumu mazito ya injini yaliyokazwa kwa kabari mwachieni fundi.

4. Daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mmoja awe mwandishi. Kila kipande kitiwe alama ya rangi na kiandikwe. Bolti na nati za kila sehemu ziwekwe katika kopo lake. Fundi atakayefunga mashine anaweza kuwa mwingine kabisa.

5. Uzito

Msifungue bolti zote za msingi kabla mashine haijaegemezwa kwa mbao, kwa sababu bolti hizo ndizo zinazoizuia isianguke.

Mtaimbo wa sentimita 150, ukiwekewa gogo sentimita 10 kutoka ncha, huzidisha nguvu yenu mara 14. Mkikandamiza kwa kilo 30, mnaweza kuinua kama kilo 420. Lakini ukiteleza, hurudi kwa nguvu hiyo hiyo. Simameni kando yake, si juu yake. Inueni kidogo, tieni mbao, kisha muinue tena. Mkono wa mtu usipite chini ya mashine hata mara moja.

Mkitumia mnyororo wa kuinulia, angalieni pembe ya kamba. Tuseme injini ni kilo 400 nayo imeshikwa na kamba mbili. Zikisimama wima, kila kamba inabeba kilo 200. Zikipanuka mpaka digrii 120 kati yao, kila moja inabeba kilo 400! Kamba iliyokuwa ikitosha itakatika. Na mtu asisimame chini ya mzigo.

Mkiisukuma juu ya mabomba, wengine washike kamba kwa nyuma kama breki. Kwenye mteremko, upande wa chini usiwe na mtu.

6. Safari na kufunga

Ndani ya lori fungeni mashine kutoka pande nne. Tunajua wanakikundi hupenda kupanda pamoja na mali yao na kuimba njiani. Tafadhali, msipande. Lori likifunga breki ghafla, chuma hakichagui mwenyekiti wala mwanachama. Pandeni gari lingine.

Huko mwendako, vuteni uzi kwenye nyuso za puli mbili. Kama puli zina upana sawa, uzi uguse sehemu nne, mbili kwa kila puli. Usipogusa, mkanda utakuwa ukitoka. Mwisho, rudisheni kinga ya mkanda kabla ya kuwasha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine zikingwe.

Maswali ya kujadili

1. Katika kinu chetu, ni nguvu zipi zinabaki baada ya kuzima?
2. Siku ya kuhama, nani atatoa amri, nani atashika daftari, na ufunguo utakuwa kwa nani?
3. Mtu akiumia kazini, tutampeleka hospitali gani, kwa gari la nani, na kwa pesa zipi? Andikeni majibu kabla ya kufungua bolti ya kwanza.