Hospitali Yetu Inasimama Wapi? Jifunze Kuipima Thika Level 5

Chukua mfano wa mzazi aliye kwenye steji ya Witeithie saa moja asubuhi, mtoto mgongoni ana homa. Upande mmoja wa barabara matatu zinaelekea mjini Thika, iliko Hospitali ya Thika Level 5. Upande wa pili zinaelekea Juja, Ruiru na Nairobi, ambako kuna hospitali za serikali, za misheni na za watu binafsi. Nyuma yake mtaani kuna kliniki na maduka ya dawa. Mzazi huyo ataenda wapi, na kwa nini?

Jibu lake ndilo wataalamu wa usimamizi wanalolitafuta wanapopima nafasi ya hospitali na uwezo wake wa kushindana. Kazi hiyo si ya wakurugenzi pekee. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, hospitali za kaunti ziko chini ya serikali ya kaunti, kama inavyosema Katiba ya 2010 katika Ratiba ya Nne. Mkazi wa Kiambu ni mgonjwa na vilevile ni mwenye hospitali. Katika toleo hili tunajifunza kuipima kwa maswali matano.

Kwanza, je, hospitali ya umma hushindana?

Mwaka 1979, Michael Porter wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani aliandika kwamba biashara haishindani na majirani wa soko lake tu. Wateja, wanaoiuzia bidhaa, wanaotaka kuingia sokoni na vitu vinavyoweza kutumiwa badala ya bidhaa zake, wote huibana. Porter aliandika kuhusu kampuni zinazotafuta faida. Hospitali ya umma haitafuti faida, lakini hubanwa vivyo hivyo.

Mgonjwa mwenye uwezo akiondoka, huondoka na malipo yake na pia na sauti yake. Hatakuja tena kwenye kikao kuuliza kwa nini mashine ya eksirei haifanyi kazi. Anayebaki ni yule asiye na nauli ya kwenda kwingine. Kwa hiyo kipimo cha hospitali ya umma ni hiki: je, mwenye uwezo wa kuchagua bado anaichagua, na je, asiye na chaguo anapata huduma ileile?

Swali la 1: Iko wapi, na inamhudumia nani?

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,417,735 katika Kaunti ya Kiambu. Thika iko pembeni mwa kaunti, karibu na mipaka ya Murang'a na Machakos, na hapo ndipo barabara ya kwenda Garissa inapoanzia. Mgonjwa haulizi mpaka uko wapi. Huenda palipo karibu. Ukipanga vitanda na dawa kwa kuhesabu wakazi wa Kiambu peke yao, utakosea hesabu. Ongeza majeruhi wa ajali za barabarani, ambao Katiba, Kifungu cha 43, inasema hawawezi kunyimwa matibabu ya dharura.

Swali la 2: Kazi yake hasa ni ipi?

Huduma za afya nchini Kenya zimepangwa katika ngazi sita. Ya kwanza ni jamii yenyewe, pamoja na wahudumu wa afya ya jamii. Ya pili ni zahanati, ya tatu kituo cha afya, ya nne hospitali ya kaunti ndogo, ya tano hospitali ya rufaa ya kaunti, na ya sita hospitali ya rufaa ya kitaifa. Thika Level 5 ni ya ngazi ya tano. Inapaswa kupokea upasuaji, uzazi wenye matatizo, watoto wachanga walio hatarini na magonjwa yaliyoshinda vituo vya chini.

Foleni yake ikijaa mafua na vidonda vya kubadilishwa bendeji, daktari bingwa anafanya kazi ya zahanati, na mama anayehitaji upasuaji anangoja. Hospitali inaweza kujaa watu huku ikipoteza nafasi yake. Wingi wa wagonjwa pekee si dalili ya mafanikio.

Swali la 3: Nani anashindana nayo?

Tangu Thika Superhighway ikamilike mwaka 2012, safari ya Nairobi imekuwa fupi. Mwaka 2019 Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ilianza kupokea wagonjwa, nayo ni ya ngazi ya sita. Ndani ya kaunti kuna hospitali nyingine za ngazi ya tano Kiambu mjini na Gatundu. Mjini Thika kuna hospitali za kanisa na za kibinafsi.

Hata hivyo, si kila jirani ni mpinzani. Hospitali ya ngazi ya sita ni mahali pa kupeleka mgonjwa aliyezidi uwezo wetu. Zahanati ni mlango wa kwanza. Mshindani mgumu zaidi hana hata jengo: ni uamuzi wa kununua dawa za maumivu dukani na kukaa nyumbani hadi hali iwe mbaya. Huyu ndiye hospitali inapaswa kumshinda, na humshinda kwa kuaminika.

Swali la 4: Pesa zinatoka wapi?

Kuna njia mbili kubwa: bajeti ya kaunti, na malipo ya huduma. Sheria mbili za mwaka 2023 zilibadilisha njia ya pili. Moja inaruhusu hospitali za umma kubaki na mapato zinayokusanya na kuyatumia kwa huduma zake. Nyingine ilileta Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyeajiriwa huchangia asilimia 2.75 ya mshahara wake, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi.

Maana yake ni kwamba pesa sasa zinamfuata mgonjwa. Hospitali inayochaguliwa hupata za kununua dawa, inayokimbiwa hukosa. Pia, SHA ikichelewa kulipa, au kaunti ikichelewa kulipa deni la dawa kwa KEMSA, rafu za famasia ndizo huonyesha kwanza.

Swali la 5: Watu wake wapo?

Jengo halitibu mtu. Mwaka 2025 madaktari wa kaunti yetu waligoma kwa takriban miezi mitano. Hatuandiki haya kumlaumu yeyote. Funzo ni kwamba uhusiano mwema kati ya mwajiri na wahudumu ni sehemu ya uwezo wa hospitali, sawa na mashine yoyote, kwa sababu imani ya mgonjwa hairudi siku mgomo unapoisha.

Upande wa pili tuna bahati: Chuo Kikuu cha Mount Kenya na tawi la KMTC viko Thika, na JKUAT iko Juja. Wahudumu wa kesho wanasomea hapa hapa.

Zoezi: karatasi moja, visanduku vinne

Gawanya karatasi mara nne na uandike:

Nguvu: iko karibu na barabara kuu, ni hospitali ya rufaa, vyuo viko jirani.

Udhaifu: foleni za magonjwa madogo, huduma kusimama wakati wa migomo.

Fursa: hospitali kubaki na mapato yake, wakazi wanaoongezeka kati ya Ruiru na Thika.

Hatari: malipo ya kuchelewa, wenye uwezo kuhamia kwingine.

Sasa ongeza ulichokiona mwenyewe. Andika saa uliyofika na saa uliyoonwa, na dawa uliyoandikiwa lakini ukaambiwa ukanunue nje. Maelezo kama hayo yana uzito kuliko kusema tu kwamba huduma ni mbaya.

Ipeleke wapi karatasi hiyo?

Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Vikao vya maoni ya umma hufanywa kabla ya maamuzi hayo, kwa hiyo fika mapema na umtafute mwakilishi wadi wako. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kuomba taarifa zinazoshikiliwa na serikali, zikiwemo za mapato na matumizi ya hospitali.

Mambo mawili zaidi yako mikononi mwako. Jisajili na SHA, na kwa ugonjwa usio wa dharura anzia zahanati au kituo cha afya cha umma kilicho karibu, ambako huduma za msingi hulipiwa na hazina ya afya ya msingi kwa aliyesajiliwa.

Kwa Gĩkũyũ, Witeithie maana yake ni "jisaidie". Si amri ya kuachiwa mzigo peke yako, kwa maana kaunti ina wajibu wake. Lakini hospitali ambayo wenyewe hawaipimi hupimwa na wengine, na wakati huo huenda mzazi wa pale stejini ameshavuka barabara.