Mrudishe, Lakini Usimrudishe Peke Yake

Somo la wiki: Filemoni 1:8–19

Somo hili nilitaka ndugu mwingine alifundishe. Mchungaji akaniambia, "Mzee, hilo ni lako." Basi nalitoa hivyo hivyo.

Muhula uliopita nilipigiwa simu na naibu wa mwalimu mkuu wa shule anakosoma kijana wetu, Kidato cha Tatu. "Mzazi, fika kesho asubuhi. Na uje na mama." Wazazi mnajua simu kama hiyo inavyokata tumbo. Tulimkuta amesimama nje ya ofisi na sanduku lake la bati.

Kesi ilikuwa hivi. Aliona pasiwadi ya mwalimu kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya kompyuta ya maabara, akaikariri. Jioni wakati wa prepu akaingia kwenye rekodi za mtihani wa katikati ya muhula, akajiongezea alama za hesabu na fizikia. Halafu, na hapa ndipo mama watoto alitafuta kiti, akawaongezea wenzake watatu, kila mmoja kwa shilingi 200. Akasimamishwa masomo wiki mbili.

Sasa niwaambie yaliyopita moyoni mwangu, mimi ninayehesabu sadaka kila Jumapili. Kwanza nilimgeukia mwalimu. Nani huacha ufunguo mlangoni halafu alalamike ameibiwa? Nilisema hivyo kwa sauti mle ofisini. Mwalimu hakubisha. Alisema ni kweli alikosea, na ameshaandikiwa barua. Nikakosa la kuongeza.

Pili, tukiwa kwa matatu tukirudi, nilianza kutafuta kwa simu namba ya ndugu mmoja anayejuana na watu wa elimu kaunti. Chai kidogo tu, faili ipotee. Na hiyo ikishindikana, tumhamishe kijana, shule mpya isijue kitu. Mama watoto aliniangalia tu. Hakusema neno mpaka tukafika nyumbani.

Usiku huo nilisoma Filemoni. Ni sura moja, aya 25, unaimaliza kabla chai haijapoa. Onesimo amemtoroka bwana wake, na huenda ana deni lake pia. Paulo yuko kifungoni, amempata huyu kijana na kumlea katika Kristo mpaka anamwita mwanawe. Tazama anachofanya. Hamfichi. Hamwandikii Filemoni kwamba kijana ni mdogo, au kwamba marafiki ndio walimharibu. Anamrudisha kwa yule yule aliyemkosea. Lakini hamrudishi mikono mitupu: anampa barua, na kwenye aya ya 18 na 19 anasema deni lolote liandikwe kwa jina lake Paulo, naye atalipa. Tena anasisitiza kwamba ameandika kwa mkono wake mwenyewe.

Najua Onesimo alikuwa mtumwa, na mwanangu si mtumwa wa mtu. Mfano haulingani kila mahali. Lakini mimi nilikuwa na njia mbili tu kichwani, kumficha au kumtandika, na Paulo hakufuata hata moja.

Na sisemi mzazi anyamaze shule ikikosea. Paulo huyo huyo, katika Matendo 22, alipofungwa kamba ili apigwe mijeledi, aliuliza kama ni halali kumpiga raia wa Rumi kabla hajahukumiwa. Sheria yetu ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi, iwe kwa mwili au kwa akili. Uliza kosa liandikwe. Omba mtoto asikizwe. Mimi niliuliza, na wakamsikiza. Ila nilipojua ni kweli alifanya, haki yangu ya kuuliza haikuwa tena mahali pa kujificha. Naibu alinikumbusha, bila vitisho, kwamba kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Kuingia kwenye kompyuta bila ruhusa peke yake ni faini ya hadi shilingi milioni 5, au jela hadi miaka 3, au vyote viwili. Mtoto wangu alidhani ni mchezo wa vidole.

Basi tukarudi shuleni kuuliza swali la Paulo: deni ni la nani? Nilidhani ni la shule. Kumbe wanafunzi wanne walipopanda kwa alama za uongo, kuna kijana alishuka kutoka wa 4 hadi wa 8. Akaenda nyumbani likizo fupi na ripoti hiyo. Babake akamchapa.

Hilo ndilo lilimvunja mwanangu. Si sheria, si mimi. Wiki hizo mbili alilima shamba la jirani kwa malipo mpaka akapata zile 600, maana alikuwa ameshazila kantini, akawarudishia wale watatu mbele ya naibu. Shule imemzuia kuingia maabara mpaka mwaka uishe, nasi hatukuomba apunguziwe.

Jumamosi moja tukapanda matatu, yeye na mimi, kwenda kwa yule kijana. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, sikuyatumia. Mwanangu alisimama sebuleni akasema yote, pamoja na hizo shilingi 200. Mimi nikasema, "Mzee, kama kuna gharama yoyote iliyokupata kwa sababu hii, niandikie mimi."

Yule baba hakunijibu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akamgeukia mwanawe aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Kumbe ulikuwa unaniambia ukweli," akamwambia.