Maiti Yule, Maiti Ile: Mafunzo Niliyopata Nikiandika Hadithi za Kifo

Kitabu changu kina hadithi 11 za kutisha, na kila moja inahusu kifo. Zilikuwa 12, ile iliyotoka nitaieleza mbele. Nimeziandika kwa miaka minne, na miwili ya mwanzo ilikwenda bure. Haya niliyojifunza sikuyapanga kwa uzito, nimeyaacha yafuatane kama yalivyonipata.

1. Ukungu haukuwa wangu

Hadithi ya kwanza niliyoandika ilikuwa na kasri, ukungu, popo, na kengele inayolia usiku wa manane. Mimi mzaliwa wa Tanga. Usiku wa manane kwetu ni joto, umeme umekatika, feni limesimama, na jirani anakohoa upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa nimemsoma sana Edgar Allan Poe, nikaivaa hofu yake kama koti la mitumba: zuri, lakini mikono inapwaya.

Baadaye nikasoma maisha yake, nikaona aibu. Mama yake alifariki mwaka 1811, yeye hajatimiza miaka mitatu. Mapema mwaka 1842 mkewe, Virginia, alianza kutema damu kwa kifua kikuu, na mwaka huohuo Poe akachapisha hadithi ya tauni inayotoa watu damu, inayoingia hata ndani ya ngome ya mwana wa mfalme aliyedhani amejifungia salama. Virginia alikufa mwaka 1847, naye mumewe akamfuata mwaka 1849. Kumbe mwenyewe hakuwa ameazima kitu. Damu ile ilikuwa kwenye leso ya nyumbani kwake.

2. Akija mpelelezi, hofu huaga

Vitabu vyetu vya mwanzo vya kusisimua vilikipenda kifo, ila kama fumbo. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale uliochapwa mwaka 1960, anatuwekea maiti mahali pa mzimu, kisha anamleta Bwana Msa na kiko chake afumbue kwa akili. Faraji Katalambulla naye akaja na Simu ya Kifo mwaka 1965. Navipenda vyote viwili. Lakini msomaji anayeuliza "nani kaua?" haogopi, anafanya hesabu. Niliyekuwa namtafuta mimi ni msomaji anayeuliza "sasa tutafanyaje naye, na usiku ndio huu unaingia?" Kwa hiyo nikawafukuza polisi wote kitabuni. Hawakurudi.

3. Hofu hukaa kwenye kiambishi

Somo hili nililipata kwa mhariri, na hakukusudia kunifundisha. Aliurudisha mswada wangu umejaa wino mwekundu. Kila nilipoandika "maiti alikuwa" yeye aliweka "ilikuwa", na pembeni akauliza: chagua moja, mtu au kitu?

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaelewa kwamba ameuliza swali la kitabu kizima. Nenda kwenye msiba wowote usikilize. Alfajiri wanasema, "Mama ametutoka." Kufika saa nne wanasema, "Mwili utatoka baada ya adhuhuri." Kati ya a- na u- kuna mtu amepotea, na hakuna aliyeiona saa yenyewe alipovuka. Wakati wote huo binti wa marehemu, kwenye kona ya chumba, bado anasema, "Mgeuzeni kidogo, asiulalie mkono." Wote wanasikia. Hakuna anayemsahihisha.

Basi katika hadithi moja nikaandika kurasa nne za maiti kwa i-: imelazwa, imefunikwa, inasubiri. Katika ukurasa wa tano nikaweka sentensi moja tu yenye a-, bila mayowe wala mshangao, kama vile kalamu imeteleza. Wasomaji watatu wameniambia walirudi nyuma kuhakikisha wamesoma sawasawa. Mmoja alidhani ni kosa la mchapaji, na akalala na taa.

4. Mjue anayeshika

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mwosha maiti wa wanawake Pangani. Nilikuwa na miaka 19 aliponiita nimshikie kata. "Njoo, mke mwenzangu," akasema, kwa utani wake wa kila siku, kana kwamba tunakwenda kukuna nazi.

Nilitetemeka hata maji yakamwagika. Yeye alifanya kazi kwa utulivu wa mtu anayemwogesha mtoto mchanga, nguo ya sitara haiondoki hata mara moja, mkono unapita chini yake. Maji ya majani ya mkunazi kwanza. Karafuu maiti kwenye maji ya mwisho. Maji yote yakishuka kwenye ufuo uliochimbwa chini ya kitanda. Halafu sanda, nguo tano za bafta jeupe, kwa kuwa ni mwanamke. Lakini kabla ya yote hayo, alipoingia tu, alifumba macho ya marehemu, akafunga taya kwa kitambaa kilichopita chini ya kidevu hadi utosini, akanyoosha mikono na miguu. Nilidhani ni heshima tu.

Miaka mingi baadaye, nikiandika, nilikwenda kuzungumza na mfanyakazi wa mochwari moja. Yeye ndiye aliyenipa sababu. Maiti hukakamaa, na ukakamavu huanzia kwenye kope na taya, ndani ya saa chache tu, kisha hushuka. Kwenye saa 12 hivi mwili mzima umekuwa mgumu, na baada ya siku moja au zaidi hulegea tena. Joto huharakisha yote. Aliyechelewa kufunga taya atazika mtu aliyeachama. Akaniambia pia kuwa ukimgeuza maiti, pumzi iliyobaki kifuani inaweza kupita kooni akaguna. Na zile kucha zinazosemwa kwamba huendelea kukua kaburini? Hazikui. Ngozi ndiyo inayosinyaa na kurudi nyuma.

Nilitoka pale nikafuta majini watatu kutoka kwenye hadithi tatu. Hawakuwa na kazi tena.

5. Acha watani waingie

Wahariri wa hadithi za kutisha huogopa kicheko. Hawajazika na watani. Kwa makabila mengi ya Tanzania, mtani anakuja msibani amevaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, anadai deni ambalo marehemu hakuwahi kukopa. Wengine huingia kaburini wakalala chali na kugoma kutoka mpaka walipwe. Wafiwa wanacheka huku machozi hayajakauka.

Nilishuhudia moja kama hiyo utotoni, na kwa miaka nilikumbuka kicheko peke yake. Nilipokuja kuiandika ndipo nilipojiuliza: je, mtani angelipwa, wakamwita, asiitike? Hadithi ilijiandika usiku mmoja. Kila mtu mle ndani anacheka hadi aya ya mwisho, na msomaji anacheka nao, na anachelewa kuacha kama wao.

6. Kifo kimoja kinatosha

Katika rasimu moja niliua watu tisa. Kufikia wa nne, mimi mwenyewe nilikuwa naangalia saa.

7. Kuna hadithi ambayo si yako

Sasa ile ya 12. Ilikuwa nzuri kuliko zote, nasema bila haya. Niliijenga juu ya kitu nilichokiona mwilini mwa mwanamke mmoja siku nilipokuwa namshikia Bibi kata. Nilibadilisha jina, mtaa, hata ugonjwa. Nikajiridhisha kwamba hakuna atakayejua.

Lakini mwosha ana sharti: anachokiona kwenye kitanda kile kinabaki pale. Akiona kheri anaweza kuitaja. Akiona aibu anaizika na mwenyewe. Bibi alikuwa ameniambia hivyo mlangoni, kabla hatujaingia, nami nikaitikia. Ahadi ile niliitoa kabla sijawa mwandishi, na nilitafuta sana mlango wa kutokea. Nilimuuliza rafiki yangu anayeandika riwaya, akasema fasihi haina siri. Labda yake. Mimi niliifuta kwenye kompyuta, nikachana nakala ya karatasi, na mpaka leo kuna sentensi mbili za humo zinazonijia nikiwa jikoni. Zinaniuma kwa uzuri wake.

8. Msomee ajuaye

Kitabu kilipotoka nilikipeleka Pangani. Bibi macho yamekwisha, ana mtoto wa jicho, kwa hiyo nilimsomea. Nilichagua ile ninayoiogopa mwenyewe: binti ameachwa peke yake usiku na maiti ya shangazi yake, mvua imekata barabara, watu hawafiki. Karibu na alfajiri, shangazi anamwita kwa jina.

Nilisoma polepole. Nilishusha sauti pale panapotakiwa. Nilipomaliza, Bibi aliendelea kutafuna tambuu yake.

"Huyo aliyemtengeneza nani?"

"Jirani tu, Bibi. Mwosha alikuwa hajafika."

"Taya alimfunga?"

Nikafungua kitabu, nikatazama kama vile sikijui. "Hapana. Sikuandika hivyo."

"Ehee," akasema, akipapasa mkekani kutafuta kikopo chake cha chokaa. "Basi ndiyo maana kasema."