Bakteria Wasioogopa Sumu

Sisi wa nyanda za chai tunaujua Mto Nyangores unaopita mjini Bomet. Mto huu huungana na Amala ukawa Mto Mara, unaomwaga maji yake Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Huko mkoani Mara, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa dhahabu, na zebaki ni sumu.

Je, bakteria huishije penye metali za sumu? Njia ziko kadhaa, zikiwemo hizi tatu. Kwanza, wengine wana pampu kwenye utando wa seli: kadimiamu ikiingia, inatupwa nje. Pili, wengine huifunga metali kwa protini isiwadhuru. Tatu, wapo wenye kimeng'enya kinachogeuza chumvi za zebaki kuwa mvuke, ikatorokea hewani. Sumu haijaisha, imehama tu!

Bakteria hawajifunzi haya kama sisi darasani. Sumu huua wengi. Wachache wenye jeni za kujikinga hubaki, wakazaana. Tena hupeana jeni hizo kwa viduara vya DNA viitwavyo plasmidi.

Hapo ndipo pana shida, jamani. Plasmidi moja yaweza kubeba pia jeni za kushinda antibiotiki. Hivyo metali majini zaweza kulea vijidudu ambavyo dawa za hospitalini haziviui.

Basi tusitupe betri kuukuu za magari mtoni, maana zina risasi. Chemchemi ziko kwetu. Walio chini hunywa tunachowaachia. Kinga ni bora kuliko tiba.