Kupanga Upya Jedwali Bila Kufunga Duka

Hifadhidata haisomi diski rekodi mojamoja. PostgreSQL, programu yenye asili yake katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako kazi ilianza mwaka 1986, huigawa kila faili ya data katika kurasa za baiti 8,192. Ikihitaji rekodi moja tu, huleta ukurasa mzima kwenye kumbukumbu. Ukilishika hilo, mengine yatafuata.

Chukua jedwali la bidhaa la duka la jumla. Rekodi ya sukari inasema imebaki mifuko 40. Mteja ananunua mmoja. Tungetarajia 40 ifutwe na 39 iandikwe palepale, lakini sivyo: PostgreSQL huandika rekodi mpya yenye 39 na kuiacha ile ya zamani. Huenda wakati huohuo mhasibu anavuta ripoti aliyoianza kabla ya mauzo hayo, naye anastahili kuona hesabu kama zilivyokuwa alipoanza. Hivyo anayesoma hamzuii anayeandika, wala anayeandika hamzuii anayesoma. Ni ubunifu wa kupendeza kweli, ila rekodi zisizohitajiwa tena na yeyote hubaki zimekalia nafasi.

Piga hesabu. Rekodi ikichukua baiti 200, ukurasa hubeba rekodi 40 hivi. Rekodi milioni 1 zitaenea katika kurasa 25,000, yaani megabaiti 200 hivi. Kila ukurasa ukibakiwa na rekodi hai 10 tu, milioni ileile inatawanyika katika kurasa 100,000, na anayesoma jedwali zima anavuta mara nne ya anachohitaji.

Amri ya VACUUM huzisafisha rekodi mfu ili nafasi itumike tena, huku watu wakiendelea na kazi. Faili yenyewe kwa kawaida haipungui, maana kinachoweza kukatwa ni kurasa tupu za mwishoni tu. VACUUM FULL huliandika jedwali upya likiwa limeshikamana, lakini hulifunga mpaka imalize, na hata kusoma hakuwezekani. Kwa hospitali inayosajili wagonjwa usiku na mchana, hilo halikubaliki.

Sasa tujiulize: kwa nini kunakili kunadai utulivu? Kwa sababu kinachobadilika nyuma yako hakimo kwenye nakala yako. Basi tuyaache mabadiliko yaendelee, mradi kila moja liandikwe pembeni. Zana iitwayo pg_repack hufanya hivyo. Kwanza hulifunga jedwali kwa kitambo kidogo na kutega amri inayojiendesha: kila rekodi ikiongezwa, ikibadilishwa au ikifutwa, tukio linaingia kwenye daftari. Kisha hunakili rekodi hai kwenye jedwali jipya, hujenga faharasa zake, na kuyatekeleza yaliyomo daftarini. Ndiyo maana kila rekodi lazima iwe na ufunguo wa kipekee. Bila huo, badiliko la sukari lingeiangukia rekodi ipi?

Lakini wakati daftari linatekelezwa, mauzo mengine yanaingia. Je, kazi itakwisha? Tuseme kunakili kumechukua dakika 20, na mabadiliko ya dakika hizo yanatekelezwa kwa dakika 1. Yale ya dakika hiyo yatachukua sekunde 3. Ilimradi kutekeleza kuna kasi kuliko kuandika, pengo huzidi kusinyaa, mpaka kinachobaki ni kulifunga jedwali kidogo na kubadilishana faili, mpya ikishika nafasi ya kuukuu.

Hatari kubwa iko hapo. Kufuli hilo husubiri kila muamala unaoligusa jedwali umalizike, na maombi mapya hujipanga nyuma yake. Ripoti moja ya saa nzima yaweza kuwasimamisha wauzaji wote, ingawa kubadilishana kwenyewe ni jambo la mara moja. Kwa hiyo msimamizi makini kwanza hutafuta miamala iliyoachwa wazi muda mrefu. Halafu huangalia diski: kabla faili ya zamani haijafutwa, inahitajika nafasi tupu ya kutosha nakala nzima pamoja na faharasa zake.