Somo: Kuifufua Kompyuta ya Zamani



Kikundi kikipewa kompyuta kuukuu, kila mtu huuliza, "Kwani hii itawaka kweli?" Swali la kwanza liwe lingine: ndani yake mna nini? Sisi tuliwahi kuitengeneza moja kwa haraka. Ilipowaka tukapiga makofi. Halafu mweka hazina akauliza, "Na lile daftari la mikopo liko wapi?" Tulikuwa tumelifuta lote. Tangu siku hiyo tunafuata hatua hizi.

Mfumo tunaotumia ni FreeDOS. Ulianzishwa mwaka 1994 na Jim Hall, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani. Hutolewa bure, na hufanya kazi hata kwenye mashine ya 386.

1. Okoeni kumbukumbu. Nakilini mafaili yote ya kikundi kwenye disketi. Yafungueni kwenye mashine nyingine mhakikishe yanasomeka.

2. Angalieni stima. Nyuma ya mashine nyingi za zamani kuna swichi ya 115 na 230. Hapa Kenya iwe 230. Ikiwa kwenye 115, mkiwasha itaungua.

3. Tengenezeni disketi. Mfumo huja kama imeji. Hiyo ni faili moja iliyobeba disketi nzima, pamoja na ile sehemu ya mwanzo inayoamsha kompyuta. Msiinakili kama barua ya kawaida. Hiyo ni kuweka picha ya ugali kwenye sahani. Tumieni programu ya kuandika imeji: dd kwenye Linux, au RawWrite kwenye Windows. Imeji ya disketi ya 1.44 ina baiti 1,474,560 kamili. Ikipungua, ilikatika njiani, ichukueni upya.

4. Washeni. Ingieni kwenye setapu, mchague disketi (A:) itangulie diski ya ndani (C:). Kama tarehe inapotea kila mkizima, mara nyingi ni betri ya ndani imekwisha.

5. Wekeni mfumo. Programu itauliza kama igawe diski na kuifomati. Hapo simameni! Mkikubali, yote yaliyokuwamo yatafutika. Mweka hazina aseme kwanza kwamba nakala anayo. Kisha endeleeni, mkibadilisha disketi kwa nambari zake.

Mashine kama hii haifai kwa intaneti ya siku hizi. Lakini kuandika barua, kuweka orodha ya wanachama na kufundisha vijana kuchapa, hayo inayaweza.

Jadilianeni:
- Kompyuta au daftari letu likipotea leo, nakala iko wapi?
- Ni nani wawili watakaotunza nakala hizo, kila mmoja nyumbani kwake?
- Ni kazi gani tutaipa mashine hii, na ni gani tutaendelea kuandika kwa mkono?